Je, Muuzaji Anaruhusiwa Kunyamaza?

Yapo maswali ya maadili ambayo watu huyadharau kwa sababu yahusu vitu vya anasa. Swali letu la juma hili ni mojawapo. Mtu mmoja anayo motokaa ya zamani ya mbio, yenye viti viwili, isiyo na paa la chuma bali turubai la kukunjwa. Ameibadili kwa miaka mingi: ameiongezea injini nguvu, ameishusha karibu na ardhi, ameivika magurudumu mapana na kuipaka rangi mpya. Sasa ataka kuiuza mwenyewe, bila duka wala dalali, kwa mtu asiyemjua. Yako mambo ya motokaa ile anayoyajua yeye, ambayo mnunuzi hayajui wala hawezi kuyaona. Je, akinyamaza, ametenda dhambi?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu watasema kwamba hilo ni swali la watu wa Ulaya, na kwamba sisi tunaonunua motokaa ili kupeleka mahindi sokoni na mgonjwa hospitali hatuna haja nalo. Twajibu kwamba tumelichagua kwa makusudi. Motokaa ya mbio isiyo na paa haimlishi mtu wala haimvishi. Aiuzaye kwa kawaida hauzi kwa njaa, na ainunuaye hanunui kwa lazima. Basi hapa visingizio vyote vya umaskini vyaondolewa, na swali labaki peke yake: katika kuuziana, mtu anapaswa kumpa mwenzake ukweli kiasi gani? Tukilijibu hapa, tutaweza kulijibu penye ng'ombe, penye cherehani na penye shamba.

Tuchukue mfano ulio wazi. Mwaka 1989 kampuni ya Mazda ya Japani ilionyesha huko Chicago motokaa ndogo iitwayo MX-5, iliyofuata mtindo wa zile motokaa za wazi zilizotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960. Toleo lake la kwanza lilidumu hata mwaka 1997 na kupita idadi ya laki nne. Kufika mwaka 2016 matoleo yote pamoja yalikuwa yametimia milioni moja. Nyingi za zile za kwanza zingali barabarani huko Uingereza, Marekani na kwingineko, na kwa kuwa ufundi wake si mgumu, wenyewe huzibadili wapendavyo.

Motokaa isiyo na paa la chuma ina jambo moja la kuangaliwa. Katika motokaa ya kawaida paa husaidia kulishika bodi lote lisijipinde. Katika motokaa ya wazi kazi hiyo huziangukia sakafu na boriti za chuma zipitazo chini ya milango. Sasa katika MX-5 za kwanza, maji ya mvua yaangukayo juu ya turubai huteremka kwa vijifereji vilivyo nyuma ya viti. Vijifereji vikizibwa na majani makavu, maji hutuama na kuingia ndani ya boriti zile zile, na kutu huzila polepole kutoka ndani kuja nje. Siku tundu litokezapo, fundi mwaminifu hukata chuma kilichooza na kuchomelea kipya. Asiye mwaminifu huziba kwa puti, hupiga msasa, hupaka rangi, na kazi yake yang'aa kuliko ya yule wa kwanza. Wahenga wetu waliyasema hayo kabla motokaa hazijafika pwani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na mabadiliko yenyewe yana hatari zake. Injini iliyotiwa turbo hutoa nguvu ambazo breki za kiwandani hazikupimiwa. Springi zilizokatwa ili kuishusha motokaa hubadili jinsi inavyoshika barabara penye kona. Si kusema kwamba kila aliyebadili ameharibu; wako wanaofanya kazi hiyo kwa akili na uangalifu mkubwa. Twasema tu kwamba aliyefanya ajua alichokifanya, na anayekuja na fedha mkononi haoni ila rangi.

Sheria yasemaje? Huko Uingereza anayefanya biashara ya kuuza motokaa afungwa na sheria ya mwaka 2015 ya haki za watumiaji, nayo yamtaka kitu alichouza kiwe chema kwa kadiri ya bei na umri wake. Lakini mtu binafsi anayemwuzia mtu binafsi hafungwi namna hiyo. Yapasa motokaa iwe mali yake kweli, isilingane vibaya na maelezo aliyoyatoa, naye asiseme uwongo. Tena sheria ya barabara ya mwaka 1988 yamkataza mtu yeyote, awe mfanya biashara au asiwe, kumpa mwenzake motokaa iliyo mbovu kiasi cha kutofaa barabarani. Kati ya uwongo na ubovu wa namna hiyo limebaki shamba pana la kunyamaza, na humo mnunuzi aambiwa ajiangalie mwenyewe. Kanuni hiyo ya mnunuzi kujiangalia iliandikwa katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, nasi wa Tanzania na Kenya tuliirithi pamoja na mambo mengine mengi.

Hata hivyo iko kesi moja, iliyoamuliwa na mahakama ya rufani ya huko mwaka 1967, ambayo yafaa ifikiriwe. Mtu binafsi alitangaza gazetini motokaa ya wazi aina ya Triumph Herald, nyeupe, ya mwaka 1961. Mwenzake akaja, akaitazama, akaipenda, akainunua. Baadaye ikagunduliwa kwamba ile haikuwa motokaa moja bali nusu mbili zilizounganishwa kwa kuchomelewa: nusu ya nyuma ndiyo ya mwaka 1961, na nusu ya mbele ilikuwa ya motokaa nyingine ya zamani zaidi. Muuzaji mwenyewe hakuwa na habari. Naye aliinunua hivyo. Hakimu wa kwanza alimwachilia. Mahakama ya rufani ilimwamuru alipe, kwa sababu aliahidi motokaa ya 1961 na hakuitoa. Tuiweke kesi hiyo akilini, tutairudia.

Lakini Mkristo hawezi kutosheka na kuuliza sheria ya serikali yasemaje. Sheria hiyo hutosheka mtu asipodanganya kwa maneno. Dhamiri yauliza kama amedanganya kwa kimya.

Swali lenyewe ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu, na ndani yake alisimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogene wa Babeli na mwanafunzi wake Antipatro. Mtu mwema anauza nyumba yenye madhara yasiyojulikana na mtu ila yeye: aseme au asiseme? Diogene alisema kwamba kunyamaza si kuficha. Muuzaji hakumlazimisha mtu, mnunuzi ana macho yake. Antipatro alijibu kwamba kumwacha mtu aangukie hasara huku wewe waona ni vibaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero alikata shauri upande wa Antipatro: mtu anyamazaye kwa faida yake, ili mwenzake asijue jambo ambalo lingemfaa kujua, huyo hanyamazi tu, bali anaficha. Hata watawala wa masoko ya Roma walitoa amri kwamba anayeuza mnyama wa kazi atangaze magonjwa na kasoro zake. Amri hiyo hiyo ilihusu pia watumwa waliouzwa sokoni kama wanyama. Nasi twaikumbuka kwa huzuni, kwani walijali kasoro ya aliyeuzwa na hawakujali kilio chake. Lakini kama wapagani, kwa nuru ya akili tu, waliona kwamba kasoro iliyofichika yapasa isemwe, Mkristo atajitetea kwa nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliligawanya jambo hili vizuri katika Summa yake, alipoandika juu ya udanganyifu katika kununua na kuuza. Kasoro, asema, ni za namna mbili. Ziko zilizo wazi, kama farasi mwenye jicho moja. Hizo muuzaji halazimiki kuzitangaza, mradi bei aipunguze kwa kadiri ipasavyo. Ziko na zilizofichika. Na hizo, zikiwa zaleta hasara au hatari kwa mnunuzi, muuzaji analazimika kuzisema, na asiposema ametenda udanganyifu. Mifano yake ni farasi kilema auzwaye kama farasi wa mbio, na nyumba itakayo kuanguka iuzwayo kama nyumba imara. Mtakatifu huyo alifariki mwaka 1274, asione motokaa hata moja. Lakini ni nani asiyeona kwamba motokaa ya mbio yenye boriti zilizooza ni farasi kilema na nyumba ya kuanguka kwa pamoja?

Basi tuifuate kanuni hiyo hatua kwa hatua. Turubai lililochanika, kiti kilichopasuka, magurudumu yasiyo ya kiwandani: hayo mnunuzi ayaona kwa macho yake, na bei iyafuate. Boriti iliyozibwa kwa puti, ajali iliyonyoshwa na kupakwa rangi, injini iliyofunguliwa na kufungwa na mtu asiye fundi: hayo yamo katika fungu la pili, nayo yapasa yasemwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Na mabadiliko yale ya nguvu yapasa yasemwe hata yakiwa mazuri, kwa sababu mengine ya baadaye yayategemea. Kampuni ya bima huuliza kama motokaa imebadilishwa. Mnunuzi asiyeambiwa atajibu kwa kukisia, na siku ya ajali aweza kukuta kwamba bima aliyoilipia haimkingi kama alivyodhani.

Muuzaji atanung'unika na kusema: "Nikitangaza kila kasoro, hakuna atakayekuja hata kuitazama." Neno hili si la kuchekwa, na Mtakatifu Tomaso hakulicheka. Alijibu kwamba muuzaji hapaswi kutuma mpiga mbiu kuzitangaza kasoro, maana watu wangekimbia kabla hawajaona kwamba kitu kile, pamoja na kasoro zake, kina mema yake. Anapaswa kumwambia kila mmoja ajaye kununua, ili huyo ayapime mema na mabaya pamoja. Tazama jinsi jibu hilo lilivyo na busara. Tangazo la gazetini laweza kuwa fupi. Lakini mtu akiisha kufika uani, akazunguka motokaa, akapiga magoti kuchungulia chini yake, hapo kimya kina mwisho.

Wako wanaodhani kwamba kwa kusema kila kitu wameimaliza haki yote. Sivyo. Ukweli hutengeneza mambo kati ya muuzaji na mnunuzi. Haumlindi mtoto anayevuka barabara. Breki mbovu zikisemwa waziwazi na bei ikapunguzwa nusu, mnunuzi hakuibiwa. Lakini aliye njiani hakuwamo katika mapatano, wala hakupunguziwa kitu. Hapa tumetoka katika Amri ya Saba na kuingia katika Amri ya Tano. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yasema kwamba wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo mkali wanahatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, wanajitia katika hatia nzito. Anayempa mtu kama huyo chombo, akijua kwamba hakisimami, ana sehemu yake katika hatia hiyo. Motokaa ya namna hiyo au itengenezwe kwanza, au ivutwe kwenda kwa fundi, au iuzwe vipuri. Isitolewe uani ikienda kwa nguvu zake yenyewe.

Yafuata neno la bei. Aliyeibadili motokaa yake huweka hesabu moyoni: nimetumia kiasi hiki kwa injini, kiasi hiki kwa rangi, na majumamosi mangapi. Kisha hukasirika mnunuzi anapotoa bei ndogo. Lakini furaha ya majumamosi yale aliipata yeye, amekwisha kuila. Hawezi kumtoza mwingine chakula alichokila mwenyewe. Mtakatifu Tomaso akubali kwamba muuzaji aweza kuihesabu hasara anayoipata kwa kuachana na kitu chake. Asichokubali ni kwamba muuzaji aongeze bei kwa kuwa mnunuzi amekipenda mno, maana hamu ile si mali ya muuzaji, na mtu hauzi kisicho chake. Kijana anayetetemeka kwa furaha mbele ya motokaa nyekundu asigeuzwe windo kwa sababu uso wake haujui kuficha.

Na mnunuzi asidhani kwamba maneno haya yote ni ya mwenzake. Kitabu cha Mithali kilikwisha kumchora mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake ajisifu. Mtakatifu Tomaso asema kwamba mtu akiuziwa dhahabu kwa bei ya shaba, kwa kuwa mwenye kuuza hakujua, mnunuzi anayejua analazimika kurudisha kilichozidi. Mjane abakiwaye na motokaa ya marehemu mumewe ndani ya banda, asiyejua kama ni chuma chakavu au ni kitu kinachotafutwa na watu, huyo ni amana mbele ya Mungu. Mjuzi anayemlipa bei ya chuma chakavu, kisha akaiuza mara kumi, amemwibia mjane, hata kama mjane alimshukuru na kumpa chai.

Sasa turudi katika ile kesi ya mwaka 1967. Wengi wataona uchungu kwamba muuzaji asiye na kosa aliamriwa kulipa. Lakini Mtakatifu Tomaso alifundisha jambo lile lile karne nyingi kabla: aliyeuza kitu chenye kasoro bila kujua hakutenda dhambi, lakini akiisha kujua, anapaswa kumfidia aliyenunua. Kutokuwa na dhambi ni jambo moja, na kukaa na fedha ya mwenzako ni jambo jingine. Wengi wetu hufikiri kwamba dhamiri ikiwa safi mfuko nao ni safi. Haki hutazama pia kitu chenyewe: nani amebaki nacho, na nani amebaki mikono mitupu.

Nchini mwetu mambo haya si hadithi ya mbali. Motokaa nyingi zinazotuhudumia zimekwisha kutumika Japani kabla ya kuteremshwa bandarini, kisha hupita mikono mitatu au minne. Wako warudishao nyuma mita ya kilomita, ili chombo kilichochoka kionekane kijana. Wako wapakao mafuta mazito ndani ya injini ili isilie hata mnunuzi afike nyumbani. Watu wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mara nyingi mnunuzi ni baba aliyeuza shamba, au akina mama waliochangishana fedha za chama chao. Ikiwa ni dhambi kumficha tajiri wa Ulaya kutu ya kitu chake cha starehe, ni dhambi nzito zaidi kumficha mama huyo ubovu wa kitu kitakachowalisha watoto. Na kama chombo chenyewe ni cha kubeba abiria, wahesabiwe na abiria wote.

Basi, baba wa familia atakaye kuuza motokaa au pikipiki yake afanyeje? Akae na karatasi, aandike yote ayajuayo: kilichovunjika, kilichobadilishwa, nani alikitengeneza na lini. Ampe mnunuzi karatasi hiyo. Amruhusu alete fundi wake mwenyewe, asimchagulie. Vifaa vya kiwandani alivyoviondoa, kama angali navyo, avitoe pamoja na motokaa. Asiache kadi ibaki katika jina lake kwa kukwepa gharama ya kuihamisha. Na jambo asilolijua aseme waziwazi kwamba halijui, asilijaze kwa maneno matamu. Watoto wake wawepo wakisikia, kwani somo la namna hiyo halipatikani darasani.

Na yule aliyekwisha kuuza na kunyamaza? Kwake njia haijafungwa. Kama aliloficha ni la hatari, na amjulishe mnunuzi leo hii, asingoje Kwaresima, maana breki hazingoji. Kama ni la hasara tu, arudishe kilichozidi katika bei, kidogo kidogo ikiwa hana chote. Maungamo hayamwondolei mtu wajibu wa kurudisha mali ya wizi anayoweza kuirudisha. Kama mnunuzi hajulikani tena alipo, aende kwa padre wake akaombe shauri, wala asijifariji kwamba jambo limekwisha kwa kuwa limesahauliwa.

Wataulizana wengine kama mtu aweza kufanya biashara kwa namna hii na asifilisike. Sisi twasema kwamba huenda atapata fedha pungufu siku ile. Lakini Bwana wetu alitufundisha kuwatendea wengine kama tupendavyo kutendewa, na kila muuzaji kesho ni mnunuzi mahali pengine, akisimama mbele ya rangi inayong'aa, akitamani kwamba mtu aliye mbele yake aseme kweli.